Mzigo Wako, Jina Lako: Tahadhari kwa Msafiri wa Ng'ambo



 

Mwezi huu mtukufu ndio mwezi ambao wengi wetu wanafunga mizigo. Kuna wanaokwenda Umra, maana thawabu za Umra ya Ramadhani tunazijua. Kuna vijana wanaoondoka kwenda kusoma Madina, Misri, Uturuki na Malaysia. Kuna dada na kaka zetu wanaokwenda kutafuta riziki Ghuba. Mada niliyopewa ni namna ya kulinda mizigo na mali tukiwa safarini. Mtu akisikia mada kama hii husema, "Ah, hilo si rahisi tu? Tia kufuli, shika pesa zako vizuri, basi." Ningependa tuitazame kwa undani zaidi.

Begi la msafiri lina milango miwili. Mlango wa kwanza ni ule ambao kitu chako hutoka: pesa zinaibwa, simu inapotea, sanduku halifiki. Huo sote tunauogopa. Mlango wa pili ni ule ambao kitu kisicho chako huingia. Huo wengi hatuufikirii, na huo ndio hatari zaidi. Kitu kikitoka begini mwako, unapoteza mali, na mali Allah atakupa nyingine. Kitu kikiingia begini mwako, unaweza kupoteza uhuru wako, na hata maisha yako. Kwa hivyo, nitaanza na mlango wa pili.

Kopo la mfalme

Sote tunakijua kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Ndugu zake walikuja Misri kuchukua chakula, wakapewa vipimo vyao, wakafunga safari ya kurudi. Kopo la mfalme likatiwa ndani ya mzigo wa yule ndugu mdogo. Hapo palikuwa na hekima, maana Allah mwenyewe ndiye aliyempangia Yusuf jambo hilo ili ambakishe ndugu yake. Lakini hebu tazameni yale yaliyotokea kwa upande wa wasafiri. Wakasimamishwa. Wakaapa kuwa wao si wezi. Walikuwa wakweli katika kiapo chao, wala hakuna aliyejua kopo limefikaje pale. Wakapekuliwa, mzigo mmoja baada ya mwingine, kopo likatoka katika mzigo wa mdogo wao. Na wao wenyewe walikuwa wameshasema kabla: yule atakayeonekana nalo mzigoni mwake, ndiye atakayeshikwa.

Vijana wenzangu, hiyo ndiyo sheria ya viwanja vya ndege mpaka leo. Askari wa forodha hakujui wewe, wala hamjui baba yako, wala hajui kama wewe ni mswalihina. Anaona begi na anaona jina. Kilichokutwa begini kinasema kwanza, wewe utasema baadaye, na pengine utasema ukiwa ndani.

Msichana aliyekwenda Umra

Msije mkafikiri hayo ni ya zamani. Mnamo Desemba 2018, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu kutoka Nigeria alisafiri na mama yake na dada yake kwenda Umra. Walipanda ndege katika uwanja wa Kano. Walifika salama, wakawa hotelini Madina, na huko ndiko askari walikomfuata. Kulikuwa na begi lenye lebo ya jina lake, ndani yake mna tramadol, dawa kali ya maumivu ambayo Saudia huihesabu miongoni mwa dawa za kulevya. Begi hilo hakulifunga yeye, hakulibeba, na hakupata kuliona. Uchunguzi nchini kwao ulifichua kuwa kulikuwa na genge ndani ya uwanja wa ndege, watu waliokuwa wakitumia majina ya abiria kupitisha mabegi yao. Yule binti alikaa kizuizini karibu miezi 4, mpaka serikali ya nchi yake ilipoingilia kati, akaachiliwa mwisho wa Aprili 2019.

Na si Waislamu pekee, wala si Afrika pekee. Mwaka 2023, wanawake wawili wa Brazil walishikwa Frankfurt, Ujerumani. Lebo za masanduku yao zilikuwa zimebanduliwa katika uwanja wa São Paulo na kubandikwa kwenye masanduku mengine yenye kokeini. Walikaa ndani siku 38. Kilichowatoa ni picha za kamera za uwanja zilizoonyesha lebo zikibadilishwa.

Mwaona basi. Hawa wote hawakuwa na kosa. Kilichowaokoa baada ya fadhila za Allah ni ushahidi. Ndiyo maana nasema, kulinda mzigo ni kujiwekea ushahidi mapema kabla hujauhitaji.

Na tujue uzito wa jambo lenyewe. Saudia ina hukumu ya kifo kwa mwenye kuingiza dawa za kulevya. Utekelezaji wake ulisimama karibu miaka 3, kisha ukarudi Novemba 2022.

Ufanye nini basi?

Kwanza, funga begi lako mwenyewe. Si ndugu yako, si wakala, si kijana wa jirani. Wewe mwenyewe, mkono wako, kitu kimoja kimoja.

Pili, piga picha. Simu iko mkononi, piga begi likiwa wazi, kisha likiwa limefungwa, kisha likiwa juu ya mizani ya kaunta ili uzito usomeke. Begi la kilo 19 haliwezi kufika na kilo 26 bila ya mtu kutia kitu.

Tatu, hesabu zile karatasi ndogo unazopewa kaunta. Umeleta mabegi mawili? Basi upate karatasi mbili, si tatu. Soma jina na nambari hapo hapo kabla hujaondoka. Tazama pia herufi tatu za mwisho wa safari: Jeddah ni JED, Madina ni MED. Ukipitia Addis Ababa au Dubai na mzigo unakwenda moja kwa moja, lebo isiishie njiani. Karatasi hizo usizitupe mpaka umefika na umehakikisha kila kitu kiko sawa. Na mkisafiri kwa kundi, msikubali kiongozi wa kundi akapimisha mizigo yote kwa jina la mtu mmoja. Kila mtu na lebo yake, kila mtu na jina lake.

Nne, kufuli. Kufuli peke yake haitoshi. Zipu ya sanduku inaweza kutobolewa kwa ncha ya kalamu, mtu akatia au akatoa anachotaka, kisha akairudisha zipu ikafunga kama kwamba hapakuwa na lolote. Ndiyo maana watu huzungushia nailoni pale uwanjani, au hukaza zipu kwa vikamba vya plastiki. Kazi ya vitu hivi ni kukuonyesha kama begi limefunguliwa. Ukilipokea begi lako nailoni imechanika au kikamba kimekatika, usilifungue, wala usitoke nalo. Mwite afisa hapo hapo, lifunguliwe mbele yake.

"Nibebee tu"

Sasa tuje kwenye jambo gumu, kwa sababu hapa mlango tunaufungua sisi wenyewe.

Unatoka kwenda safari. Habari imeenea mtaani. Jioni ya kuamkia safari, nyumba imejaa. Shangazi ameleta mkebe wa achari kwa mwanawe aliye chuo Madina. Jirani ameleta bahasha. Mtu usiyemjua vizuri, rafiki ya rafiki, ameleta kifurushi kimefungwa kwa gundi pande zote: "Nibebee tu, ni nguo, kuna mtu atakupokea." Na wewe unaona haya kukataa.

Ndugu zangu, haya ni katika imani, lakini haya ya kuogopa kuuliza si haya. Tumfuate Mtume wetu (s.a.w.) katika amana. Usiku wa Hijra, watu wanataka kumuua, lakini alimwacha Sayyidna Ali (r.a.) Makka ili azirejeshe amana za watu kwa wenyewe. Tazameni: amana zile zilijulikana ni kitu gani, na zilijulikana ni za nani. Hiyo ndiyo amana. Kifurushi kilichoshonwa, hujui ndani mna nini, hujui anayekipokea ni nani, hicho ni fumbo tu, na Uislamu haukukulazimisha kubeba fumbo la mtu.

Mnamo Julai 2023, dada mmoja Mkenya alishikwa katika uwanja wa ndege wa Ho Chi Minh City, Vietnam, akiwa na zaidi ya kilo 2 za kokeini katika sanduku lake. Alisema aliajiriwa kulipeleka sanduku Laos na kwamba hakujua kilichokuwemo. Machi 2025 alihukumiwa kifo. Nchi nzima ililia hapa. Juni mwaka huo huo bunge la Vietnam liliondoa hukumu ya kifo kwa kosa la kusafirisha dawa za kulevya, lakini kifungo cha maisha kimebaki. Sisi si mahakimu wa kesi yake. Lakini kila kijana hapa ajiulize: mtu akikulipia tiketi, akakupa na pesa za matumizi, ili umpelekee sanduku tu, je, sanduku hilo lina nini ndani hata likawa na thamani kuliko tiketi?

Basi sheria yetu iwe hii. Mtu usiyemjua, jibu ni hapana, hata kama amekuja na shekhe. Mtu unayemjua, mwambie aje na vitu vikiwa wazi. Vitazame, vifungue, kisha uvipange wewe mwenyewe katika begi lako. Shangazi akikasirika, mwambie kwa adabu, "Shangazi, si kwamba sikuamini, lakini mimi ndimi nitakayeulizwa." Mwenye nia njema ataelewa. Asiyeelewa, amekupa jibu.

Nao wazazi, tafadhali, msiwatie watoto wenu katika mtihani huu. Usiahidi watu nafasi katika begi la mwanao kabla hujamuuliza.

Kuna vitu ambavyo kwetu ni vya kawaida na huko ni jela. Miraa, kwa mfano. Hapa inauzwa barabarani, lakini Saudia na Emirati ni marufuku, na Uingereza ilipigwa marufuku Juni 2014. "Kijifungu kimoja tu cha kaka" kinatosha kukuharibia maisha. Na dawa za hospitali pia: tramadol niliyoitaja, na dawa zenye kodeini, zinadhibitiwa sana katika nchi za Ghuba. Dawa zako ziweke katika pakiti yake ya asili pamoja na barua ya daktari, na dawa za mtu mwingine usizibebe kabisa.

Mlango wa kwanza: visitoke

Sasa turudi kwenye mlango tuliouzoea.

Pasi, pesa, dhahabu, dawa na simu havilali ndani ya begi la kupimwa. Hivi hukaa mwilini au katika mkoba wa mkononi. Na ile pawabenki ya kuchajia simu, sheria za usafiri wa ndege haziruhusu iwekwe katika begi la chini, kwa sababu betri zake zinaweza kushika moto. Iweke mkononi.

Pesa usiziweke mahali pamoja. Gawa mara tatu: za matumizi ya siku mfukoni, nyingine mwilini, na nyingine kwa mwenzako unayemwamini. Na ukiondoka Kenya na pesa taslimu zinazofika dola 10,000 za Marekani au zaidi, lazima uzitangaze forodhani. Kutangaza si kulipa kodi, ni kusema tu. Usiposema, zinaweza kuzuiliwa.

Kwa anayekwenda Umra, mahali pa kuwa macho zaidi ni penye msongamano: kwenye tawafu, kwenye saa'yi, milangoni baada ya swala, na kwenye mabasi. Inauma kusema, lakini hata pale Haram wezi wapo, na wanajua kuwa wewe macho yako yako kwenye Kaaba. Ihramu haina mifuko, na wanazuoni wameruhusu mshipi wa kuwekea pesa. Uvae kwa mbele, si mgongoni. Dada zetu, mkoba upite begani uje kifuani, chini ya buibui. Dhahabu za harusi ziacheni nyumbani. Mnakwenda kwa Mola wenu, si kwenye arusi.

Simu siku hizi si ya kupiga tu. Kibali cha kuingia Rawdha kinapatikana kwa programu ya Nusuk, tiketi imo humo, na pesa zako za M-Pesa zimo humo. Basi itie nambari ya siri, na laini nayo itie nambari yake ya siri, ili aliyeokota simu asihamishie laini yako kwenye simu nyingine. Andika kwenye karatasi nambari za nyumbani na jina la hoteli. Mzee wa miaka 70 akipoteza simu Makka na hana karatasi mfukoni, amepotea yeye, si simu.

Pasi ndiyo mama wa vyote. Toa nakala mbili: moja uwe nayo mbali na pasi yenyewe, nyingine iachwe nyumbani. Ikipotea, nenda polisi kwanza upewe ripoti, kisha ubalozi wa Kenya. Kwa Saudia ubalozi wetu uko Riyadh. Huko utasaidiwa kupata hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Na kwa nyinyi mnaokwenda kufanya kazi, jueni kuwa pasi ni mali ya Serikali ya Kenya. Mwajiri hana haki ya kukaa nayo, na sheria za Saudia zenyewe zinamkataza. Akiichukua hata hivyo, nakala yako ndiyo itakayokusaidia.

Na zamzam, msiifunge ndani ya sanduku kati ya nguo. Uwanja wa Jeddah hukubali ile chupa maalumu ya lita 5 iliyofungwa rasmi. Ya kujijazia mwenyewe itatolewa, na sanduku lako litafunguliwa bila ya wewe kuwapo. Tumeshasema hatari ya sanduku kufunguliwa bila ya wewe kuwapo.

Begi lisipofika

Mwaka 2023 shirika la SITA, linalofuatilia mizigo ya ndege, lilihesabu karibu mabegi 7 yaliyocheleweshwa, kuharibiwa au kupotea kwa kila abiria 1,000, na karibu nusu ya hayo ni katika kubadilisha ndege. Na safari zetu nyingi ni za kubadilisha ndege. Kwa hivyo, nguo za siku moja, na ihramu kwa mwenye kwenda Umra, ziwe mkononi.

Begi lisipotokea, usitoke uwanjani. Nenda dawati la mizigo, andikisha ripoti, upewe nambari. Ukitoka kwanza ukarudi kesho, maneno yatakuwa mengi. Kenya na Saudia zote zimo katika Mkataba wa Montreal wa 1999, na mkataba huo unakupa haki. Begi limeharibika au limeibwa vitu? Lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Limechelewa? Ndani ya siku 21 tangu ulipopewa. Lisipofika kwa siku 21, linahesabiwa limepotea. Kesi nayo mwisho wake ni miaka 2. Tangu 28 Desemba 2024, kiwango cha juu cha fidia ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha Duniani, takriban dola 2,000 za Marekani kwa kila abiria. Hicho ni kiwango cha juu, si zawadi: utalipwa kwa hasara uliyoithibitisha. Ndiyo pale picha zako na risiti zako zinapofanya kazi tena.

Neno la mwisho

Wapo watakaosema, "Shekhe, haya yote ni kukosa tawakkal." La hasha. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Allah. Yule binti wa Nigeria alikuwa na imani, na bado alikaa kizuizini miezi. Kutegemea hakuondoi kufunga kamba.

Basi nawaomba jambo moja. Usiku wa kuamkia safari, kabla ya kufunga begi, ikae familia pamoja. Begi liwe wazi katikati ya chumba. Kila kinachoingia kitajwe ni nini na ni cha nani. Kile kisichokuwa na mwenyewe anayejulikana, kitoke. Kisha mfunge, mpige picha, msome dua ya safari, na mumwachie Allah.

Allah awajaalie wasafiri wetu wote waende salama na warudi salama, azikubali funga zetu na Umra za waliojaaliwa, na awafungulie waliofungwa bila ya haki, popote walipo. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.